Barua ya Shule Isifie Mkobani

Ijumaa ya kufunga muhula, yapata saa saba za mchana, barabara itokayo shule ya msingi ya kanisa kuelekea kambini hujaa watoto. Huenda kwa safu, kama walivyowaona baba zao wakienda, sare zao zimepauka kwa jua na vumbi, na kila mmoja ana mkoba begani. Ndani ya mkoba mna vitu viwili: ripoti ya mitihani, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye sahihi ya mwalimu mkuu na mhuri wa shule. Ripoti hufika nyumbani, ama kwa shangwe ama kwa machozi. Lakini ile karatasi ya pili, ambayo ni barua ya shule kwa wazazi, mara nyingi haifiki. Hufungiwa mandazi, huwashia sigiri, au hubaki chini ya mkoba hata panya wakaisoma kabla ya mzazi.

Ni jambo dogo, atasema mtu. Askari ana mengi ya kufikiri: kuna lindo, kuna doria, kuna gwaride, na kuna amri ya kuhama ambayo huja usiku. Hata hivyo, sisi tuvaao sare tunajua kuliko watu wengine kwamba mambo makubwa huharibika kwa ujumbe mdogo usiofika. Kikosi chaweza kuwa na silaha, chakula na watu hodari, kisha kikashindwa kwa sababu ujumbe mmoja wa redio haukupokelewa, au ulipokelewa na mtu asiyeuelewa akautia mfukoni. Barua ya shule ni ujumbe wa namna hiyo hiyo, na mara nyingi hatukiri kuupokea.

KISA CHA SAJINI MMOJA

Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kutua Mogadishu, maelfu ya wenzetu wamekwenda Somalia kwa zamu na kukaa huko miezi mingi mbali na watoto wao. Sajini mmoja, ambaye mwandishi wa makala hii alipata kutumika naye, alirudi kutoka zamu hiyo akakuta mwanawe amemaliza darasa la saba na kupata daraja la pili. Nyumba yake ilijaa furaha. Majirani wa safu nzima ya nyumba za kambi walikuja kunywa chai.

Furaha hiyo iliingia doa siku alipokwenda shuleni kuchukua hati ya matokeo. Jina lililoandikwa humo halikuwa lile lililo katika cheti cha kuzaliwa. Lilikuwa ni jina la mji ambamo mtoto alizaliwa wakati kikosi cha baba yake kilipokuwa huko, jina ambalo kambi nzima ilimzoea kwalo, na ambalo mwenyewe alizoea kuliandika juu ya madaftari yake. Sajini alipandwa na hasira. Karani wa shule hakubishana naye. Alifungua jalada akamwonyesha nakala za barua tatu. Mwanzoni mwa mwaka shule ilikuwa imewaomba wazazi wote wa darasa la saba, si mara moja bali mara tatu, walete cheti cha kuzaliwa na kuhakikisha tahajia ya majina kabla orodha haijapelekwa kwenye Baraza la Mitihani la Taifa.

Barua mbili kati ya hizo zilikutwa nyumbani, chini ya sanduku la nguo. Ya tatu haikuonekana tena. Je, mama alikuwa mzembe? La hasha. Mama yule anajua Kiacholi cha kwao, Kiswahili cha kambini na Kiganda cha sokoni, na kwa mwaka mzima alikuwa amewalea watoto wanne peke yake. Lakini barua ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Na mtoto, je? Yeye alikuwa akidaiwa fedha za chakula cha mchana. Akadhani kila barua itokayo shule ni barua ya deni, akaona haya kumwongezea mama yake mzigo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli. Jina likabaki limekosewa.

Kusahihisha hati si jambo lisilowezekana, ila lilimla sajini likizo yake yote, akipanda na kushuka ngazi za ofisi. Na hapo alikuwa na bahati, maana aliliona kosa mapema. Sote tumewaona vijana katika siku za kuandikisha askari wapya, wamekimbia vizuri, wamepimwa afya wakaonekana wazima, kisha wakarudishwa mezani kwa kuwa jina la hati ya shule silo lililo katika kitambulisho cha taifa. Kijana huyo hutoka uwanjani akiinamisha kichwa. Hajui kwamba kosa lake lilitendeka miaka mingi nyuma, siku ile karatasi moja ilipowashia sigiri.

SHULE NI YA NANI?

Wako wazazi wasemao, "Shule ile ni ya kanisa, wao wenyewe watajua la kufanya." Wengine husema, "Elimu ni ya serikali, na serikali imekwisha kulipa." Kauli hizi mbili zinahitaji kutazamwa kwa makini.

Ni kweli kwamba katika nchi yetu kanisa na shule vilizaliwa pamoja. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika katika jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879. Watu waliowaendea ili kufundishwa hawakuitwa kwanza Wakristo. Waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Hata leo, Mganda asemapo anakwenda kusoma, huenda anakwenda darasani na huenda anakwenda kusali. Wale mashahidi ambao nchi huwakumbuka kila tarehe 3 Juni huko Namugongo, na ambao askari polisi wengi hukesha wakiwalinda mahujaji wao, walikuwa wasomaji wa namna hiyo. Kwa hiyo si ajabu kwamba hata sasa kengele ya kanisa na kengele ya shule husikika kutoka kilima kimoja.

Lakini baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali ilizichukua shule nyingi za misheni katika uendeshaji wake. Ikawa serikali ndiyo ilipayo walimu na kupanga masomo, na kanisa likabaki kuwa mwasisi, likiangalia mwenendo, ibada na ardhi ya shule. Mwezi Januari 1997 ulipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ada ya kufundishwa iliondolewa, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikaruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Watoto wengi wa kambini waliingia darasani kwa mlango huo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iligawa majukumu wazi wazi. Serikali ina lake, mwasisi ana lake, na mzazi ana lake pia: kumwandikisha mtoto, kumwongoza, kumpa chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri. Kwa maneno mengine, vitu hivi havikuachwa kwa kanisa wala kwa serikali. Na barua ya shule ndiyo njia ambayo kwayo mzazi hukumbushwa fungu lake.

YALIYOMO KATIKA BARUA HIYO

Tuifungue sasa barua yenyewe, kama ile ambayo shule ya kanisa iliyo jirani na kambi hutuma. Huanza kwa salamu katika jina la Bwana na shukrani kwa muhula uliokwisha. Wengi huishia hapo wakidhani ni mahubiri. Yafuatayo ndiyo yenye uzito.

Kwanza ni tarehe za kufunga na kufungua. Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu, lakini tarehe zake si amri isiyobadilika. Mwezi Novemba 2022, kwa ajili ya ugonjwa wa Ebola uliokuwa umezuka tangu Septemba, wizara iliamuru shule zifungwe wiki mbili kabla ya wakati. Mzazi aliyeisoma barua alijua siku ya kumpokea mtoto. Asiyeisoma alishtuka kumkuta mtoto mlangoni, au mbaya zaidi, mtoto alikaa kituo cha basi akimngoja mtu asiyejua kwamba anangojwa.

Pili ni chakula cha mchana. Mpango wa elimu kwa wote haukuleta chungu cha posho na maharagwe. Wazazi hukubaliana mchango, na barua hutaja kiasi. Sheria inakataza mtoto kufukuzwa kwa ajili ya mchango usiolipwa, na ni vema mzazi aijue haki hiyo. Lakini haki hiyo haishibishi. Mtoto mwenye njaa hukaa darasani kama mlinzi aliyekesha siku tatu: macho yako wazi, hakuna aonalo. Yafaa kufanya hesabu nyepesi. Kila muhula pamoja na likizo yake ni kama miezi minne. Basi mchango wa muhula na ugawanywe kwa nne, na sehemu moja itengwe kila siku ya mshahara. Wenzetu wa jeshi wana chama cha akiba cha Wazalendo, nao polisi wana Exodus. Vyama hivi havikuundwa kwa ajili ya mikopo ya pikipiki peke yake.

Tatu ni afya. Kila Aprili na Oktoba hufanyika siku za afya ya mtoto, ambapo watoto hupewa dawa ya minyoo; na tangu mwaka 2015 wasichana wenye umri wa miaka 10 huchanjwa bure dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Uvumi wa kambini huenda kasi kuliko gari la wagonjwa, na wako wazazi waliowaficha binti zao siku ya chanjo kwa sababu ya neno walilolisikia bombani. Barua hueleza ni chanjo gani na ni kwa ajili gani. Tuisome barua, tuache maneno ya bombani.

Nne ni mtihani wa darasa la saba. Hufanywa mwisho wa mwaka kwa masomo manne: hesabu, maarifa ya jamii pamoja na dini, sayansi, na Kiingereza. Lakini uandikishaji wa watahiniwa hufanyika miezi mingi kabla, na orodha ikisha kufungwa imefungwa. Habari ya majina tumekwisha kuiona katika kisa cha sajini.

Tano ni mambo ya langoni. Barua huomba kila mzazi ataje ni nani atakayemchukua mtoto, na kwamba mgeni ajitambulishe. Baada ya mkasa wa Juni 2023 huko Mpondwe, wilaya ya Kasese, ambapo waasi wa ADF walivamia shule usiku na kuwaua wanafunzi, hakuna askari anayehitaji kuelezwa kwa nini mlinzi wa shule auliza maswali mengi. Tumjibu kwa upole, hata akiwa ni mzee mwenye rungu tu. Aidha, shule huomba wazazi wasiingie na silaha. Ombi hilo si dharau kwa jeshi. Darasa la kwanza likiona bunduki dirishani, somo la siku hiyo limekwisha.

Hapa yafaa kusema neno moja juu ya adhabu. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni. Mzazi akisikia mwanawe amepigwa, njia iko: mwalimu mkuu, kamati ya shule, ofisi ya elimu ya wilaya. Kwenda shuleni na wenzako watatu wenye mikanda ili kumwonyesha mwalimu wewe ni nani si njia. Mwalimu huyo atakuogopa kwa siku moja, lakini mtoto wako atafundishwa kwa woga mwaka mzima.

LUGHA YA BARUA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Barua husomwa na nani, na kwa lugha gani?

Katika kambi moja hukaa familia za kutoka Arua, Kitgum, Soroti, Mbale, Mbarara na Kabale. Mama hawa hawana lugha moja ya nyumbani, lakini wote husikilizana kwa Kiswahili. Lugha hii ilipita katika majaribu katika nchi yetu. Ilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya utawala wa kijeshi, na wananchi wengi wakaisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kwa sauti ya ukali. Imechukua muda mrefu kuiondolea sifa hiyo mbaya. Mwaka 2005 katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe katika shule za msingi na za sekondari. Je, kuna njia bora ya kuitakasa lugha iliyotumika kutisha watu kuliko kuitumia kumweleza mama habari za mwanawe?

Kwa hiyo mwandishi atoa shauri lisilohitaji bajeti. Kila shule iliyo jirani na kambi ipeleke nakala moja ya barua yake kwa afisa anayeshughulikia ustawi wa askari, au kwa mkuu wa kituo ikiwa ni polisi. Karani mmoja ajuaye lugha zote mbili aifasiri kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Nakala ibandikwe kwenye ubao, na isomwe kwa sauti mara mbili: kwenye gwaride la asubuhi, na kwenye mkutano wa wake wa askari. Dakika 10 zatosha. Kamanda asomaye amri za siku aweza pia kusoma kwamba darasa la nne wanahitaji sweta.

Na barua ijibiwe. Chini yake huwa pana mstari wa sahihi ya mzazi, nao mara nyingi hurudi mtupu. Askari hapokei ujumbe wa redio akanyamaza, husema, "Umepokelewa." Mstari ule ndio mahali pa kusema hivyo. Asiyejua kuandika na atie dole gumba. Mwalimu akiona alama hiyo atajua kwamba nyuma ya mtoto huyu yuko mtu.

BABA ALIYE MBALI

Yule aliye Somalia, au katika milima ya mpakani, au kwenye kituo cha polisi cha wilaya ya mbali, hatasikia gwaride la kambini kwao. Naye asiondoke bila kufanya mambo matatu. Amwandikie mwalimu mkuu barua fupi, akimtaja mlezi atakayesimama mahali pake. Aache nakala za vyeti vya watoto mikononi mwa mlezi huyo, si ndani ya sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake amesafiri nao. Tena kila abadilishapo laini ya simu, aijulishe shule. Siku hizi shule nyingi hutuma habari kwa simu, na habari nyingi huenda kwa namba ambazo wenyewe walikwisha kuzitupa.

Tusisahau tuliyoyaona kati ya Machi 2020 na Januari 2022, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona karibu miaka miwili, na watoto wapatao milioni 15 wakakaa nyumbani. Masomo yalitolewa redioni na magazetini. Mahali ambapo mzazi aliendelea kuulizana habari na mwalimu, mtoto alirudi darasani tarehe 10 Januari 2022. Mahali ambapo uzi huo ulikatika, wengine hawakurudi. Wavulana walikwisha kuzoea fedha ndogo za bodaboda na machimbo, na wasichana kadha wa kadha walikuwa tayari na watoto mikononi. Serikali iliwafungulia mlango wa kurudi hata hao wasichana. Lakini kujua kwamba mlango umefunguliwa, hiyo nayo ni habari, na habari yahitaji mtu wa kuileta na mtu wa kuipokea.

Sajini yule bado anatumika. Ana binti katika darasa la nne, shule ile ile ya kanisa. Kila Ijumaa ya kufunga muhula, akiwapo nyumbani, humngoja mlangoni. Hapo zamani swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekuwa wa ngapi?" Siku hizi hunyosha mkono na kusema, "Barua iko wapi?" Wakakaa kwenye benchi nje ya nyumba, binti akasoma kwa Kiingereza, baba akamfasiria mama kwa Kiswahili, na mama akauliza maswali ambayo wao wawili hawakuyafikiri. Kisha karatasi hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo zamani palitundikwa kofia peke yake.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, muhula ujao utakapofungwa, mkoba wa mwanao utapita mlangoni pako. Ufungue.